Mtakatifu Aliyependa Milima: Pier Giorgio Frassati na Kambi Yetu ya Amani



Tangu tutangaze kambi ya siku tatu kule Amani, vijana kadhaa wameniuliza: Frateri, hela ya mahema na gari si bora tuwape maskini? Swali zuri sana. Na simjui mtu wa kulijibu vizuri kuliko kijana mmoja wa Italia aliyekufa miaka mia moja iliyopita.

Kwanza, Amani penyewe. Unatoka Muheza, unapita geti la Sigi, halafu ni kona juu ya kona hadi karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Joto la Tanga unaliacha chini. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea huko mwaka 1902, na tangu 1997 msitu ule ni hifadhi ya mazingira asilia. Usiku hakuna muziki wa baa wala honi za bodaboda. Ni vyura, ukungu na wewe mwenyewe. Kijana aliyezoea simu, ukimya huo unaweza hata kumtisha.

Sasa huyu kijana. Pier Giorgio Frassati alizaliwa Torino tarehe 6 Aprili 1901, siku ya Jumamosi Kuu. Baba yake, Alfredo, alikuwa mmiliki wa gazeti la La Stampa, baadaye akawa balozi wa Italia kule Berlin. Mama yake, Adelaide, alikuwa mchoraji. Yaani nyumbani hela ilikuwepo, ila imani ya baba haikuwepo. Shuleni Pier Giorgio hakuwa kipanga. Alifeli Kilatini, akahamishiwa shule ya Wajesuiti, na huko ndiko alikoanza kupokea Komunyo kila siku.

Akiwa na miaka 17 alijiunga na Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Chuoni akachagua uhandisi wa madini, kwa sababu alitaka kuwa karibu na wachimbaji, watu waliofanya kazi ngumu kuliko wengine. Mwaka 1922 akaingia Utawa wa Tatu wa Wadominiko kama mlei.

Na milima je? Aliipenda kweli kweli. Alipanda vilele vya Alpi pamoja na rafiki zake, wavulana kwa wasichana, wakitaniana njia nzima. Mwaka 1924 walianzisha kikundi chao na kukipa jina la utani lenye maana ya watu wa kutiliwa mashaka. Lakini ilikuwa lazima Misa ipatikane kabla ya kupanda, na rozari ilikuwa mfukoni. Kule juu alitazama, akanyamaza, akasali.

Halafu alishuka. Hapa ndipo penye jibu letu. Kijana yule yule wa vilele vya theluji alipanda pia ngazi za nyumba za maskini wa Torino, akibeba chakula, dawa na kuni. Nauli ya tramu aliwapa wao, kisha akakimbia kwenda nyumbani ili asichelewe chakula. Kwenye treni alipanda daraja la tatu. Wazazi wake hawakujua hata nusu ya hayo.

Mwisho wa Juni 1925 alipatwa na polio. Wengi huamini aliambukizwa na wagonjwa aliowatembelea. Nyumbani walikuwa wanamuuguza bibi yake aliyekuwa anakufa, hivyo hawakuona mapema kwamba kijana naye anapooza. Siku moja kabla ya kufa, mkono ukiwa umeshaanza kumshinda, aliandika karatasi fupi akimwagiza rafiki apeleke dawa kwa mgonjwa mmoja maskini. Akafa tarehe 4 Julai, ana miaka 24. Siku ya mazishi barabara zilijaa watu ambao familia yake haikuwafahamu. Wao walimfahamu vizuri.

Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mwaka 1990, na Papa Leo wa XIV akamtangaza Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025.

Kwenye falsafa tulibishana sana kipi ni bora, kutafakari au kutenda. Mtakatifu Thoma wa Akwino, Mdominiko, alifundisha kwamba kuwagawia wengine kile ulichokitafakari ni kukubwa kuliko kutafakari peke yake. Lakini huwezi kugawa usichonacho. Mtu asiyenyamaza kamwe atawapa maskini mabaki tu ya nafsi yake.

Kwa hiyo tutapanda Amani. Ila kila mmoja aje na jina la mtu mmoja wa kwenye jumuiya yake, mgonjwa au mpweke, amwombee usiku kule juu, na wiki ile ile tukirudi amtembelee. Asiyekuwa tayari kwenda kwa huyo mtu, kambi yake itakuwa imeishia kwenye picha.

Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee.