Mwalimu na Nkrumah Mjini Cairo
Hayati Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama mwaka 1922, sisi wa Dodoma twamkumbuka kwa uamuzi wa TANU wa 1973 uliotuletea makao makuu. Cairo walimkumbuka kwa jingine. Julai 1964, Nkrumah aliishambulia Kamati ya Ukombozi yenye makao Dar es Salaam, akahimiza serikali moja ya Afrika. Mwalimu, ambaye Muungano wake na Zanzibar haukuwa umetimiza miezi mitatu, akaiweka kando hotuba iliyoandikwa, akamjibu kwa kejeli kali mbele ya wakuu wa nchi. Makada wengi hupenda kulisahau jambo hilo; sioni sababu. Mwaka 1997, Nkrumah akiwa marehemu, Mwalimu alimsifu hukohuko Accra, akakiri kwamba kizazi chao kilishindwa kuiunganisha Afrika. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999.