John Gibbon: Lindo la Usiku Lililozaa Mashine ya Moyo

Ndugu askari na polisi, kila aliyewahi kushika lindo kandokando ya Ziwa Tanganyika, hapa kwetu Kajaga, anajua kwamba kazi ya mlinzi ni kukesha na kuandika kwa uaminifu yale ayaonayo. Leo tunawasimulia maisha ya daktari aliyeshika lindo la namna hiyo, asiweze kumwokoa aliyemlinda, lakini akawafungulia njia wagonjwa wa moyo ulimwenguni kote.

John Gibbon alizaliwa tarehe 29 Septemba 1903 mjini Philadelphia, Marekani, katika ukoo wa madaktari. Alipokuwa mwanafunzi alitaka kuacha udaktari awe mwandishi. Baba yake, naye daktari mpasuaji, alimshauri amalize kwanza. Alitii, akahitimu katika Chuo cha Udaktari cha Jefferson mwaka 1927.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, akiwa msaidizi wa Dk. Edward Churchill mjini Boston, alipewa zamu ya kumlinda mama mmoja ambaye donge la damu lilikuwa limeziba mshipa upelekao damu mapafuni. Usiku kucha, kila baada ya dakika 15, Gibbon alipima na kuandika presha, mapigo ya moyo na pumzi. Hali ilipozidi kuwa mbaya, Churchill alipasua kifua na kulitoa donge hilo kwa dakika chache tu, lakini mama yule alifariki. Katika saa zile za kukesha, Gibbon alipata wazo la mashine ya kuipokea damu, kuitia oksijeni na kuirudisha mwilini.

Wakubwa wengi hawakulitilia maanani wazo hilo. Yeye na mkewe Mary, aliyekuwa fundi wa maabara, walifanya majaribio juu ya paka, na mwaka 1935 wakafaulu. Ilipozuka Vita Kuu ya Pili, Gibbon alitumikia jeshi kama daktari. Baada ya vita, kampuni ya IBM ilimsaidia kuunda mashine iliyo bora zaidi.

Tarehe 6 Mei 1953 alimpasua msichana wa miaka 18 mwenye tundu moyoni. Kwa dakika 26 mashine ilifanya kazi yote ya moyo na mapafu, na msichana akapona. Wagonjwa wengine hawakupona, na Gibbon, ingawa sifa zake zilikwisha kuenea, aliamua kusitisha upasuaji huo. Mwaka 1955 Dk. John Kirklin wa Mayo Clinic aliuendeleza kwa mashine iliyorekebishwa. Mwaka 1967 Dk. René Favaloro, mzaliwa wa Argentina, alitumia mshipa wa mguu kuipitisha damu kando ya sehemu iliyoziba katika mshipa wa moyo. Siku hizi upasuaji wa namna hiyo hufanywa hata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Katika upasuaji huo, mtaalamu wa nusukaputi hamlazi mgonjwa na kwenda zake. Hutazama presha kwa mrija uliotiwa ndani ya mshipa, mchoro wa moyo, oksijeni, joto na mkojo. Hupima kama heparini inatosha, ili damu isigande ndani ya mashine, na mwishoni hutoa protamini ili damu irudie hali yake. Moyo ukisha kusimamishwa, mapigo hayapo tena ya kushikwa kwa kidole. Uhai wa mtu huwa mikononi mwa wale wanaosoma tarakimu na kusema mara moja zinapobadilika.

Gibbon alifariki tarehe 5 Februari 1973 kwa ugonjwa wa moyo, akicheza tenisi, akiwa na umri wa miaka 69. Tunaona fahari kumtaja mbele ya walinzi wenzake: zamu aliyoishika kwa uaminifu, hata bila ushindi, ingali inawaokoa watu asiowajua.