Harold Larwood: Mrushaji Aliyebebeshwa Lawama

Harold Larwood alizaliwa mwaka wa 1904 kijijini Nuncargate, Uingereza. Akiwa na umri wa miaka 14 alikuwa tayari kibarua wa mgodi wa makaa ya mawe. Kriketi ndiyo iliyomtoa humo. Katika ziara ya Australia ya 1932-33, nahodha Douglas Jardine alimwamuru aelekeze mipira ya kasi kwenye miili ya wapigaji, ili kumdhibiti Don Bradman. Larwood alitii, akatwaa wiketi 33, Uingereza ikashinda. Malalamiko yalipozidi, mrushaji ndiye aliyetakiwa kuomba radhi. Alikataa, kwani alitekeleza amri tu. Jardine aliendelea kuwa nahodha hadi 1934. Larwood hakuichezea tena Uingereza. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Mwaka wa 1950 alihamia Australia, akapokewa vyema na wale wale aliowatisha. Alifia Sydney mwaka wa 1995.