Jeevanjee: Mhamiaji aliyeijenga Nairobi changa

MAELFU ya watu hupumzika kila siku katika Bustani ya Jeevanjee jijini Nairobi bila kujua jinsi ardhi hiyo ilivyopatikana.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa mwaka wa 1856 mjini Karachi. Baada ya kufanya biashara Australia, aliwasili Mombasa mnamo 1890. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa, alipata kandarasi ya kuleta vibarua kutoka Bara Hindi na kuwapatia chakula.

Nairobi ilipochipuka kandokando ya reli, faida hiyo aliigeuza kuwa mawe na saruji. Alijenga maduka, ofisi za serikali na soko la mji, akawa miongoni mwa wamiliki wakuu wa majengo. Alianzisha gazeti la African Standard, akaliuza mwaka wa 1905. Mwaka uliofuata aliwakabidhi wakazi bustani hiyo.

Hata hivyo, mali haikumwondolea ubaguzi. Nyanda za juu zilitengewa Wazungu pekee, naye akapinga waziwazi, hata baada ya kuteuliwa mwaka wa 1909 kuwa Mhindi wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria.

Utajiri wake ulididimia kabla hajafariki mwaka wa 1936. Mnamo 1991, mpango wa kujenga maegesho ya magari bustanini ulipingwa vikali, mjukuu wake Zarina Patel akiwa mstari wa mbele. Bustani ikanusurika, na jina lake likadumu.