MZEE ELIJAH MASINDE NA WAZEE WALIOANGUKA CHETAMBE

Katika toleo hili la kumbukumbu tumeandika maisha ya marehemu Mzee Elijah Masinde, mwenyeji wa Kimilili nchini Kenya na kiongozi wa Dini ya Msambwa. Asichanganywe na Masinde Muliro, mwanasiasa aliyefariki mwaka 1992, ambaye chuo kikuu cha Kakamega kimepewa jina lake. Huyu tunayemwandika alifariki mwaka 1987.

Uamuzi huu haukupatikana kwa urahisi. Baadhi ya wajumbe waliuliza kwa nini tumkumbuke mtu wa kabila moja, hali kambi ina makabila mengi. Wengine walihofia kwamba kutaja vita vya zamani ni kuchokonoa kidonda, maana wengi wetu tuko hapa kwa sababu jirani alimgeukia jirani. Tulijadili jambo hili kwa muda mrefu. Mwisho tulikubaliana kwamba Mzee Masinde anatufaa, kwa kuwa alitumia maisha yake kudai kitu ambacho kila mmoja wetu anakidai: haki ya kuwakumbuka wazee wake waliokufa vitani.

Nchi kabla ya mpaka

Inafaa tuanze na nchi yenyewe. Mpaka tuliouvuka Busia, Malaba na Lwakhakha si wa zamani sana. Hadi mwaka 1902 nchi yote ya Busia, Mumias na Kimilili ilihesabiwa upande wa Uganda. Mwaka huo serikali ya Waingereza ilihamisha mkoa wa mashariki wa Uganda na kuuweka chini ya nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Hapo Wasamia, Wateso na koo nyingine wakajikuta wamegawanyika, ndugu huku na ndugu kule. Wazee wa Kibukusu husimulia kwamba babu zao waliishi katika vilima vya Mwalie, karibu na Amukura, kabla ya kusogea mashariki baada ya vita na majirani zao Wateso. Kwa hiyo makaburi ya watu wetu hayakuwahi kufuata mpaka. Mwingine ana babu Tororo na nyanya Busia, na yeye mwenyewe amezaliwa Bungoma.

Vita vya mwaka 1895

Katika miaka ya 1890 Waingereza waliweka kituo Mumias. Baadhi ya askari Wasudani wa kituo hicho walitoroka na bunduki, na bunduki hizo zikafika mikononi mwa Wabukusu. Kikosi kilichotumwa kuzirudisha kiliuawa. Mwaka 1895 afisa wa Kiingereza, C. W. Hobley, alikuja na jeshi kubwa la kulipiza kisasi. Ndani yake walikuwamo askari Wasudani, Waganda, Wamasai na watu wa Wanga, nao walikuwa na bunduki ya Maxim.

Wabukusu walijikusanya ndani ya maboma yaliyozungukwa na kuta za udongo na mahandaki. Kwanza lilianguka boma la Lumboka. Kisha jeshi likaenda boma la Chetambe, juu ya kilima karibu na mji wa Webuye wa leo. Humo walikuwamo wapiganaji, na pia wanawake, watoto na mifugo. Mikuki na ngao hazikuweza kushindana na risasi. Boma lilivunjwa, watu wengi wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka, ng'ombe wakaswagwa. Baada ya hapo nchi ikatawaliwa.

Ndugu wasomaji, angalieni vizuri orodha ya waliokuwa katika jeshi lile. Wengi wao walikuwa Waafrika waliotumwa na mkubwa mwingine. Wajukuu wa makabila hayo na wajukuu wa waliokuwa ndani ya boma leo wanapanga foleni moja ya maji hapa kambini. Hatusemi hivyo ili kumnyoshea mtu kidole. Tunasema kwa kuwa ndiyo kweli yenyewe, na anayeficha kweli hawezi kuwaheshimu marehemu.

Ujana wa Masinde

Elijah Masinde alizaliwa Kimilili takriban mwaka 1910, miaka kama kumi na mitano tu baada ya Chetambe. Kwa hiyo alilelewa na watu walioyaona mambo yale kwa macho yao. Alisoma katika shule za misheni na kuwa muumini wa kanisa la Friends. Alikuwa pia mchezaji hodari wa kandanda, na mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Baadaye aliachana na kanisa, na moja ya sababu ilikuwa kuoa mke wa pili.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ilikuwa ikiwachukua vijana kwa lazima kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na kuwaamuru wakulima kung'oa magugu katika mashamba yao. Mwaka 1944 Masinde alikataa amri hizo hadharani na kuwahimiza wenzake wakatae. Akafungwa. Mwaka 1945 wakuu wakaamua kwamba ana wazimu, wakamweka katika hospitali ya Mathari mjini Nairobi hadi mwaka 1947.

Mafundisho yake yalikuwa haya. Msambwa ni roho za wazee waliotangulia. Mungu, ambaye Wabukusu humwita Wele, anaabudiwa kwa desturi za nchi, na mlima Elgon, yaani Masaba, ni mahali patakatifu. Wageni waliochukua ardhi warudi kwao. Hata hivyo, hakuitupa Biblia yote, bali alichanganya mambo yake na mila za wazee.

Safari ya Chetambe

Mwezi wa Septemba 1947, miezi michache tu baada ya kuachiliwa, Mzee Masinde aliongoza maelfu ya watu hadi kwenye boma la Chetambe. Walikwenda kuwaombea na kuwafanyia matambiko wale waliouawa mwaka 1895. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka hamsini. Wafu wale walikuwa wameanguka siku ya kushindwa, wakati walio hai walipokuwa wakikimbia.

Hapa tunaomba wafanyakazi wa mashirika watuelewe. Kwetu sisi, mtu akifa, kazi haijaisha kwa kumfukia. Kuna siku za matanga, kuna kunyoa nywele, na kuna kugawa mali. Kwa Wabukusu, mzee wa heshima huweza kufanyiwa kumuse, ambapo msemaji aliyekomaa husimama mbele ya umati na kusimulia habari za ukoo na kuwaasa walio hai. Aliyekufa vitani na kuachwa porini hakupata hata kimoja katika hayo. Deni lake hubaki kwa watoto wake. Masinde aliwaambia watu wa Kimilili kwamba deni hilo bado linadaiwa, nao wakaenda kulilipa kwa miguu.

Serikali ya kikoloni iliona hatari, na kwa upande wake haikukosea. Watu wanaokumbuka kwamba babu zao walikataa kutawaliwa huanza kujiuliza kwa nini wao wanakubali.

Malakisi, Lamu na baadaye

Tarehe 10 Februari 1948, umati wa wafuasi ulikusanyika Malakisi, karibu na mpaka wa Uganda. Polisi walifyatua risasi. Watu 11 walikufa na 16 wakajeruhiwa. Mwezi huo huo Masinde alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, mbali kabisa na mlima wake. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku.

Lakini dini hiyo haikuzimika. Ilivuka mpaka hadi kwa Wagisu wa Uganda. Iliingia kwa Wapokot, ambako iliongozwa na Lukas Pkiech. Huko Kolloa, mwezi wa Aprili 1950, Pkiech na wafuasi wake wengi waliuawa katika mapambano na serikali, na maofisa watatu wa Kizungu wakafa pia. Kwa hiyo tunawajibu wajumbe waliouliza: jambo hili halikuwa la kabila moja.

Hatutaki kumfanya Mzee Masinde malaika. Wafuasi wake walishutumiwa kuchoma makanisa, shule na nyumba. Familia za Wakristo na za watu wa msambwa ziligombana, na zipo zilizokaa miaka bila kupatana. Sisi tuliochomewa nyumba hatuwezi kuusifu moto, hata ukiwashwa kwa jina la wazee.

Mzee aliachiliwa mwaka 1961 baada ya miaka kama 13 ya uhamisho. Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na dini yake ikaruhusiwa. Lakini hakuacha kuwakosoa wakubwa, hata walipokuwa Waafrika wenzake. Mwaka 1968 dini ikapigwa marufuku tena, naye akaingia na kutoka gerezani mara kadhaa. Aliyeuombea uhuru alifungwa pia ndani ya uhuru. Alifariki akiwa mzee, nyumbani kwao Kimilili.

Sisi tuliobaki

Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, maelfu ya watu walivuka kuja Uganda. Wengi walipokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Baadhi yetu tulikuwa miongoni mwao. Tulibeba watoto, masufuria na blanketi. Makaburi hayabebeki. Wako waliozika haraka, na wako ambao hawakuzika.

Kwa sababu hiyo kamati inaomba mambo matatu. Kwanza, siku ya kumbukumbu kila familia itaje jina la mzee wake mmoja aliyekufa katika vita, viwe vya kukataa wakoloni au vya baadaye. Asiyejua jina aulize wazee sasa, maana wanaojua wanapungua. Pili, asiwepo mtu wa kutumia jina la marehemu wake kumtukana jirani. Mtu wa ndani ya boma na mtu wa nje ya boma wote walikuwa na mama. Tatu, tunawaomba ndugu zetu wa mashirika na wa ofisi: mama mzee akija kuomba ruhusa ya kwenda Busia au Bungoma kulimia kaburi, msidhani ni safari ya kutembea tu. Anakwenda kulipa deni.

Watoto wetu wengi wamepewa majina ya babu na nyanya waliokufa, na kila asubuhi majina hayo huitwa shuleni. Wafundisheni watoto yalikotoka.

Mungu awarehemu wote waliotutangulia, na atujalie amani sisi tuliobaki.

Ni sisi, Kamati ya Jamii.