Johannes Rebmann na Hewa ya Taita

Msafiri atokaye Voi kuelekea Taveta, akipitia Mwatate na Maktau, huzijua vyema hila za hewa ya nyanda hizo. Kuna majira ambapo mlima Kilimanjaro, ulioko takriban kilomita 140 kutoka Voi, hauonekani kabisa ingawa anga halina hata wingu moja. Vumbi jekundu la ardhi ya Tsavo, moshi wa nyasi zinazoteketea na masizi yatokayo mekoni hutanda baina ya jicho na mlima. Zikisha kunyesha mvua za masika, mlima huo hujitokeza asubuhi moja kana kwamba umesogezwa karibu usiku. Ni katika njia hiyo, na katika majira hayo hayo ya masika, alipopita Johannes Rebmann mwaka 1848. Kitu cheupe alichokiona huko kilimfanya abishiwe kwa zaidi ya miaka kumi, na aliyembishia kwa ukali kuliko wote hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Alipata mafunzo ya umisionari huko Basel, Uswisi, kisha Islington, London, na mwaka 1846 akatumwa na Church Missionary Society kwenda Mombasa kumsaidia Ludwig Krapf. Mwaka huo huo wawili hao walianzisha kituo Rabai, katika nchi ya Wamijikenda. Wanafunzi wa Kiswahili humkumbuka zaidi Krapf, na si ajabu, kwani ndiye aliyeandika sarufi na kamusi zilizotangulia nyingine. Hata hivyo tabia zao zilitofautiana sana. Krapf aliota mlolongo wa vituo kuanzia pwani ya mashariki hadi ya magharibi. Rebmann alikuwa mtu wa kukaa, kusikiliza na kungoja. Ni kinaya basi kwamba ugunduzi uliozua kelele kubwa zaidi ulimwangukia huyu mpole.

Safari yake ya kwanza ya bara ilikuwa ya Oktoba 1847, alipofika Kasigau, mlima uliojitenga kusini mashariki mwa vilima vya Taita. Tarehe 27 Aprili 1848 aliondoka tena Rabai, safari hii akikusudia kufika Uchagani. Aliongozwa na Mswahili aliyeitwa Bwana Kheri, mzoefu wa njia za misafara, na alifuatana na wapagazi wachache. Inasimuliwa kuwa silaha yake ilikuwa mwavuli tu. Walivuka nyika ya Taru isiyo na maji, wakapita katika milima ya Bura, wakateremkia uwanda unaoelekea Taveta.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei, walipokuwa wakiendelea kuelekea magharibi, Rebmann aliona juu ya mlima mmoja weupe uliong'aa mno. Kwanza alidhani ni wingu. Alipomwuliza kiongozi wake weupe ule ni nini, Bwana Kheri alijibu kwa neno moja tu, ambalo Rebmann aliliandika beredi kwa tahajia yake mwenyewe, yaani baridi. Hapo Mjerumani yule, aliyekulia katika nchi ya theluji, akatambua alichokuwa akikitazama.

Jibu hilo la Bwana Kheri lastahili kutazamwa na mwanafunzi wa lugha kuliko linavyotazamwa kwa kawaida. Waandishi wengine hulichukua kuwa ushahidi wa ujinga, eti kiongozi hakujua jina la kitu kile. Theluji ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo halikuwa na kazi kubwa katika mazungumzo ya watu wa pwani ambao hawajaiona. Bwana Kheri hakubuni jina wala hakusema ni wingu. Alitaja sifa ambayo wenyeji waliijua kwa miili yao, na sifa hiyo ndiyo iliyomfungulia Rebmann maana.

Ama kuhusu kosa la kwanza, la kudhani kuwa ni wingu, halikuwa kosa la mtu mzembe. Wanasayansi wa leo huziita erosoli zile chembe ndogo mno, za yabisi au za majimaji, zinazoelea hewani. Chembe za vumbi na za chumvi hutawanya mwanga wa jua. Masizi, ambayo kwa sehemu kubwa ni kaboni iliyotokana na moto usiopata hewa ya kutosha, huufyonza mwanga huo. Zote mbili hupunguza tofauti baina ya kitu cha mbali na anga lililoko nyuma yake, hata mlima hupauka, na sehemu yake nyeupe ikaonekana kama kipande cha anga kilichoachwa kikining'inia. Chembe zilizo ndogo kuliko maikromita moja huweza kusafiri siku kadhaa, hata juma zima, hadi mvua izioshe. Kwa sababu hiyo mwezi wa Mei una faida kwa mwenye kutazama mbali: masika huwa yamekwisha kuisafisha hewa na kuilowanisha ardhi, na nyasi huwa bado mbichi hazijashika moto.

Mawingu yenyewe nayo hutegemea chembe hizo. Mvuke haugeuki kwa urahisi kuwa tone pasipo kitu cha kushikilia, jambo ambalo Mskoti John Aitken alilionyesha kwa majaribio yake ya mwaka 1880. Masizi mabichi huyakataa maji. Yakisafiri hewani hupakwa tabaka la salfeti na la kampaundi nyingine, ndipo yanapoweza kuvuta unyevu. Chumvi ya bahari haihitaji matayarisho hayo. Pepo za kusi huichukua kutoka Bahari ya Hindi na kuipandisha pamoja na mvuke kwenye vilima vya Taita, hewa ikapoa, na ukungu ukaifunika misitu ya Ngangao na Mbololo. Rebmann alikuwa ametoka kuipita milima hiyo yenye mawingu siku chache tu kabla. Kwamba macho yake yalitangulia kuona wingu si jambo la kustaajabisha.

La kustaajabisha zaidi ni uangalifu wake baada ya hapo. Wingu huzaliwa na kufa. Kile alichokiona kilibaki pale pale. Alifika Kilema, kwa mtawala Masaki, akarejea Rabai, na mwezi Novemba mwaka huo huo akaenda tena, safari hii hadi Machame kwa mtawala Mamkinga. Aliutazama mlima kutoka pande mbalimbali, mchana na hata kwa mwanga hafifu wa mwezi, akaukuta weupe ule ule. Aliuliza pia. Alisimuliwa habari za watu waliotumwa juu kutafuta kitu kilichofanana na fedha, ambacho kilipoteremshwa kiligeuka maji. Alisimuliwa pia kuhusu waliokufa huko kwa baridi. Kwa maneno mengine alikusanya ushahidi wa wenyeji na kuulinganisha na wa macho yake. Safari ya tatu, ya mwaka 1849, iliishia vibaya: alitaka kupenya hadi Unyamwezi, lakini huko Machame alinyang'anywa mali karibu yote, akarudi pwani akiwa hoi.

Taarifa yake ilichapishwa London mwaka 1849. Aliyesimama kidete kuipinga alikuwa William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyeandika mengi kuhusu bara la Afrika bila kutoka Ulaya. Cooley hakuwa mtu wa kudharauliwa. Miongoni mwa waliompa habari alikuwamo Khamis bin Uthman, Mswahili wa Zanzibar aliyepata kufika London, na baadhi ya hoja zake zilisimama juu ya ujuzi wa aina hiyo. Ila alikwisha kuichora ramani yake akilini, na theluji ya Kilimanjaro haikuwa na mahali ndani yake. Alidai kuwa ilikuwa zao la fikra, na katika mabishano hayo hata uwezo wa macho ya Rebmann ulitiliwa shaka. Haikutosha kwamba Krapf naye aliuona Mlima Kenya ukiwa na theluji kutoka Kitui mwezi Desemba 1849. Wala haikutosha kwamba milima ya Andes, karibu kabisa na Ikweta, ilijulikana tangu zamani kuwa na theluji ya kudumu. Aliyebishana na Cooley alibishana na maktaba nzima.

Mabishano hayo yalimalizwa na miguu ya watu wengine. Mwaka 1861 Karl Klaus von der Decken alifika mlimani pamoja na mwanajiolojia Richard Thornton, na mwaka uliofuata, pamoja na Otto Kersten, alipanda zaidi ya mita 4,000 na theluji ikamwangukia. Cooley aliendelea kushikilia lake. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni Kibo. Barafu iliyobishaniwa ikaja kuwa kumbukumbu ya hewa yenyewe: mwaka 2000 Lonnie Thompson na wenzake waliitoboa, na ndani yake wakakuta tabaka la vumbi ambalo kwa makadirio yao liliwekwa na ukame mkali wa takriban miaka 4,000 iliyopita. Kwa hesabu yao pia, kati ya mwaka 1912 na 2000 mlima ulikuwa umepoteza takriban asilimia 80 ya eneo la barafu yake.

Rebmann mwenyewe hakuutafuta ushindi. Mwaka 1851 alimwoa Emma, na wakaishi Rabai hadi mkewe alipofariki mwaka 1866. Pamoja na Jakob Erhardt alishiriki kutayarisha ile ramani ya ziwa moja kubwa lenye umbo la konokono, iliyotokana na habari za wafanyabiashara wa misafara, ambayo iliwachochea Burton na Speke kuja mwaka 1857. Ramani hiyo ilikosea, kwa kuwa iliyaunganisha maziwa matatu kuwa moja. Kazi yake ya kila siku ilikuwa maneno. Alikusanya msamiati wa Kimijikenda na wa Kiswahili. Na kutoka kwa Salimini, mtu aliyetekwa utumwani katika nchi ambayo leo ni Malawi, aliandika neno kwa neno lugha aliyoiita Kiniassa. Krapf aliondoka kwa sababu ya afya. Rebmann alibaki, miaka 29 pasipo kurudi kwao.

Katika miaka ya mwisho macho yalimsaliti kweli. Bartle Frere alipomtembelea mwaka 1873 alimkuta karibu kipofu, angali ameshikilia kamusi zake. Mwaka 1875 alisafirishwa kurudi Ulaya, akiongozwa njiani na Isaac Nyondo, kijana wa Rabai. Alifariki Kornthal, si mbali na alikozaliwa, tarehe 4 Oktoba 1876. Kamusi ya Kiniassa ilichapishwa mwaka uliofuata, ikihaririwa na Krapf. Ile ya Kimijikenda ilingoja hadi 1887.