Mkulima Aliyeogopa Kuhubiri

William Miller, mkulima wa Low Hampton, New York, aliwahi kuikana Biblia na kuwadhihaki wahubiri. Mwaka 1816 alimpokea Kristo, akayachunguza Maandiko fungu kwa fungu. Kufikia 1818 alisadiki kwamba Yesu yu karibu kurudi. Lakini kwa miaka 13 aliogopa kuhubiri hadharani, kwa kuwa hakuzoea kusema mbele za watu. Agosti 1831 alimwahidi Mungu kwamba akialikwa atakwenda, akidhani hakuna atakayemwalika. Muda mfupi baadaye mpwa wake akafika na mwaliko kutoka Dresden. Miller alitoka nje kwa hasira, akashindana na Mungu katika maombi, kisha akatii. Alikuwa na umri wa miaka 49.

Je, ni wito gani wa Bwana ambao ungali unauahirisha?